Rubani Wangu Alipanda Ndege ya Video

Msimamishe kijana yeyote wa Sinza umuulize Makumbusho ni wapi. Atakuonyesha upande wa Barabara ya Bagamoyo na kukwambia panda daladala, ushuke kituoni. Kwake Makumbusho ni kituo cha magari basi. Kwamba jina limetokana na Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 pale Kijitonyama pamoja na nyumba zake za makabila, tunalijua kama tunavyojua kuwa jirani ana shangazi Tanga. Habari ipo, ila haituhusu. Na mimi nimo. Nimepita hapo mara elfu nikiwa nimening'inia mlangoni, na siku niliyoingia ndani nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne.

Ninaanza kwa kujisema mwenyewe kwa sababu katika makala hii nitagombana na watu, na baadhi yao ni washikaji zangu wa kalamu wanaosoma gazeti hili.

Mwaka jana niliwasomea wenzangu sura ya kwanza ya riwaya yangu. Tulikuwa watu tisa tumekaa uani nyuma ya saluni moja, si mbali na Kwa Remmy. Riwaya inahusu Vita vya Kagera. Shujaa wangu ni kapteni wa Jeshi la Anga. Anaruka kutoka Mwanza usiku wa manane na F-16, anabonyeza kitufe chekundu, adui anageuka moto, halafu naye anapigwa. Anafyatuka na kiti chake, parachuti linafunguka juu ya Ziwa Victoria na mwezi ndiyo kwanza unachomoza. Makofi! Mmoja akasema, "Aisee, hii sinema kabisa." Nikavimba kichwa. Kumbe mshikaji alikuwa ameutaja ugonjwa wenyewe bila kujua.

Karibu na mlango wa uani alikuwa amekaa mzee mmoja anamsubiri mjukuu wake anayesukwa. Tulipomaliza akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hiyo ndege ya kapteni wako tuliinunua lini?"

Nikababaika. Akanieleza, bila kunicheka sana, kwamba alikuwa fundi wa ndege jeshini. F-16 hajapata kuigusa, ameiona kwenye televisheni ya mwanawe tu. "Sisi tulikuwa na MiG, za Warusi na za Wachina. Na hicho kitufe chekundu mimi sikijui."

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini juu ya vita vya nchi yangu, na ndege iliyomo ni ya Wamarekani, ruka yake ya Wamarekani, hata namna kapteni wangu anavyovaa miwani ni ya Mmarekani. Nimemtoa mzimamzima kwenye banda la video, shilingi mia mbili kiti. Nikaanza kujiuliza: kama nisingemchukua huko, ningemchukua wapi?

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Nilitafuta, na nilichokipata nakiweka hapa kwa kifupi, maana mimi shuleni vita hivi nilivisoma kwa aya mbili na ramani moja isiyosomeka.

Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilianza kuupiga mji wa Bukoba. Hasara haikuwa kubwa, lakini vioo vya madirisha vilipasuka na watu wakaukimbia mji. Mwisho wa mwezi huo askari wake wakaingia Kagera, kisha akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto ni yake. Daraja la Kyaka ndege zake zililishambulia zikalikosa, mpaka ikabidi atafutwe mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe aje kulilipua kwa mkono. Sisi nasi tukapeleka ndege zetu za kivita Mwanza. Wapiga mizinga wa Musoma hawakupewa habari. Pande zote mbili zilikuwa na MiG, na MiG ukiitazama kutoka chini kwa sekunde mbili haikwambii ni ya nani. Tukazitungua za kwetu wenyewe, tatu.

Hilo neno kutungua ninalipenda. Ni neno la mtu anayeteremsha kitu kilichoning'inia. Na rubani, kabla hajapanda ndege, alikuwa ni mtu wa baharini, mjuzi wa njia na miamba. Lugha yetu ilikwishawapokea hawa marubani na kuwapa nafasi. Sisi waandishi ndio tumewaacha mlangoni.

Machi 1979 Gaddafi, aliyekuwa akimsaidia Amin, alituma Tu-22, ndege kubwa ya mabomu ya Kirusi, ije kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane, ndani ya hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi kidogo mfanyakazi mmoja. Swala! Mwandishi gani angethubutu kubuni kitu kama hicho? Angeambiwa anatania msiba. Aprili 7 wanajeshi wetu wakauteka Uwanja wa Entebbe, ndege ya mizigo ya Libya aina ya C-130 ikateketea palepale uwanjani, na ndege za kivita za Amin zilizokutwa zinafaa zikachukuliwa ngawira. Siku nne baadaye Kampala ilikuwa mikononi mwetu.

Sasa niulize nimeyapata wapi. Kiswahili kimejitahidi: Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, Henry Muhanika akatoa utenzi wake wa vita hivyo mwaka uliofuata. Nawavulia kofia. Lakini habari za angani, ndege ipi, iliruka wapi, ilipigwa na nani, nyingi nimezitoa kwa Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa Kimarekani waliokuwa wanaishi hapahapa Dar na kufuatana na jeshi letu, kitabu chao kikatoka 1982. Nyingine nimezitoa kwa Tom Cooper na Adrien Fontanellaz, watu wa Ulaya, kitabu cha mwaka 2015. Vyote ni vya Kiingereza. Mimi wa Sinza, kizazi cha waliokatwa mshahara na kuchangia ng'ombe kwa ajili ya vita ile, ninakwenda kumuuliza Mzungu kwamba samahani bwana, ndege za baba zangu zilikuwa ngapi?

Na wala si jambo jipya. Vita ya kwanza ya ndege kwenye pwani yetu ilikuwa mwaka 1914, meli ya Kijerumani Königsberg ilipojificha katika mikoko ya Rufiji. Waingereza walimkodi raia mmoja, Cutler, pamoja na ndege yake ya kutua majini, akaletwa kutoka Afrika Kusini. Novemba akaiona meli, Desemba akaanguka na kukamatwa. Zikaletwa nyingine, zikawekwa Kisiwa cha Niororo. Joto likayeyusha gundi, ndege zikawa haziruki. Zikaja nyingine tena, safari hii na uwanja wake Mafia. Julai 11, 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu ya delta wakiielekeza mizinga ya manowari ya Kiingereza. Ndege yao ikapigwa, na huku inashuka kuelekea mtoni Arnold akaendelea kutuma maelekezo ya shabaha. Königsberg ikaisha siku hiyo.

Habari tamu, sikatai. Lakini angalia: tunawajua Cutler, Cull na Arnold. Picha za ndege zao zimetunzwa Imperial War Museum, London. Mizinga ya meli yenyewe iliopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu, na leo ukitaka kuiona mmoja uko Fort Jesus Mombasa, mwingine Pretoria. Mabaki ya meli yaliendelea kukatwa vyuma hadi miaka ya 1960. Na nani aliufyeka ule uwanja wa Mafia? Nani alibeba mapipa ya petroli mabegani kutoka ufukweni? Hao hawakuwa na daftari la safari, na hakuna aliyewaandikia.

Miaka sitini na kitu baadaye tulikuwa na nchi yetu, jeshi letu na madaftari yetu. Tumeyafanya nini?

Najua majibu yanakuja. Nimeshayasikia kijiweni na nimeyasikia kwa watu wazima.

La kwanza: hizo ni siri za jeshi, kijana, utajitafutia matatizo. Naiheshimu hofu hiyo kwa sababu haikuota hewani. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ipo, na mzee aliyekula kiapo haongei ovyo. Lakini ipo pia sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, na inasema nyaraka za umma zikitimiza miaka 30 zifunguliwe watu wazisome, ukiondoa zile zitakazozuiwa kwa sababu maalumu. Fanya hesabu. Karatasi za mwaka 1979 zilitimiza miaka 30 mwaka 2009. Na MiG-21 ina siri gani iliyobaki? Ndege ile imejaa kwenye majumba ya makumbusho duniani, watoto wa shule wanapanda ngazi na kukaa kwenye kiti cha rubani. Siri iliyobaki ni majina ya watu wetu, na hiyo ndiyo isiyostahili kuwa siri.

La pili: nchi ina shida ya maji na dawa, wewe unalilia ndege mbovu. Hili linauma kwa kuwa nyumbani kwetu pia maji yanatoka kwa zamu. Lakini mimi siombi ndege. Naomba makabati na mtu wa kuyafungua. Karatasi haili, haivuji mafuta, haihitaji karakana.

La tatu ni la wapenda vyuma, na hawa wengi ni marafiki zangu. Wanasema ipatikane MiG moja, ipakwe rangi, iwekwe juu ya nguzo pale mjini, watu wapige picha. Sawa, mimi mwenyewe ningepiga. Ila tuna uzoefu wa nguzo. Sanamu ya Askari imesimama mjini tangu 1927, bunduki mkononi, na yule askari hana jina. Tunamzunguka na daladala kila siku. Ndege juu ya nguzo bila karatasi zake itakuwa Askari wa pili, ila huyu ana mabawa. Fundi aliyeifunga magurudumu, rubani aliyeiweka tope siku ya kwanza, saa ngapi iliruka na kwa nini iliacha kuruka, hayo hayaandikwi kwenye bati. Yanaandikwa kwenye madaftari, na kila ndege ya kijeshi duniani inayo madaftari yake, ya safari na ya matengenezo. Makumbusho yanayojiheshimu huanza na hayo.

Makumbusho yetu ya Taifa yalifunguliwa mwaka 1940 kumkumbuka Mfalme George wa Tano. Tulizaliwa hivyo, hatuna la kufanya. Baadaye tukaweka vya kwetu: fuvu la Zinjanthropus la Olduvai, lililookotwa mwaka 1959, na magari aliyopanda Mwalimu. Nafurahi. Lakini mtu wa miaka milioni moja na laki saba na nusu tunamjua hadi meno, na wale waliokuwa ndani ya zile ndege tatu za Musoma sijawakuta kwa majina katika kitabu chochote nilichosoma. Kaboya, kule Muleba, wamelala mashujaa 619 wa vita ile na kila Julai 25 tunawawekea mikuki na ngao. Riwaya zao ziko wapi?

Nirudi kwa mzee wangu, maana yeye ndiye hoja.

Baada ya siku ile ya saluni nilianza kwenda kwake Jumapili. Jina lake silitaji, ameniomba. Alijifunza kazi kwa Wachina, wale waliotujengea kambi ya ndege ya Ngerengere. Kabla yao, ananiambia, wakubwa zake walifundishwa na Wakanada. Na kweli, nimesoma baadaye: walianza Wajerumani wa Magharibi, wakaondoka mwaka 1965 kwa kununa juu ya ubalozi wa Wajerumani wa Mashariki kule Zanzibar, ndipo Canada ikaingia mpaka 1970. Kila mwalimu aliondoka na mafaili yake. Ukitaka kujua utoto wa jeshi letu la anga, panda ndege uende Ottawa.

Mzee alikuwa na sanduku la bati. Ndani aliweka madaftari ya mafunzo, yaliyoandikwa kwa mkono: Mchina anasema, mkalimani anasema, yeye anaandika Kiswahili. Mwaka nyumba ilipoezuliwa kufanyiwa ukarabati sanduku lilitolewa nje. Bati likaenda kwa wauza skrepa. Madaftari yakagawanywa, mengine yaliloa, na mengine yakachanwa yakawa vikaratasi vya kufungia karanga za kuuza pale getini. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Hakuna aliyejua.

Limebaki daftari moja, limeliwa nusu. Nimelishika. Kuna mchoro wa mkia wa ndege kwa penseli, mistari imenyooka kama ya rula, na mishale. Mshale mmoja umeandikwa "parachuti la kupunguza mwendo, likunje kavu". Mwingine: "hapa tazama kutu kila juma". Pembeni kwa wino mwekundu: "usiguse, moto". Washikaji, hicho ndicho kitufe chekundu nilichokuwa nakitafuta. Kiswahili cha ndege za vita kilikuwepo, kimefanya kazi, kimerusha watu angani na kuwarudisha, na tumekifungia karanga. Mimi nikakaa kuandika "akaejekti" kwa sababu sikuwa na mahali pa kujua fundi wa Ngerengere alisemaje.

Nikapeleka habari za daftari hilo kwenye ofisi moja. Siitaji. Nilitaka waje waliangalie, walipige picha, walitunze kama watakubaliana na mzee. Dada wa mapokezi akaniuliza natoka chuo gani. Nikasema sitoki chuo, natoka Sinza. Akasema nilete barua ya chuo. Nikamwambia, dada, daftari lenyewe limeandikwa na mtu wa darasa la nane. Hakucheka. Nikaondoka na soli yangu iliyofunguka.

Nawageukia sasa wenzangu. Tunalalamika kwamba wachapishaji hawatutaki, karatasi ghali, wasomaji hakuna. Yote kweli. Lakini tukipata kurasa nne za gazeti kama hili tunazijaza makachero wa video. Elvis Musiba alituachia Willy Gamba, Ben Mtobwa akatuachia Joram Kiango, na sisi tumekuwa tunawavisha makoti yale yale na kuwapa silaha za kuazima. Kuna mtu katika kundi letu ana hadithi ya helikopta za Apache juu ya Mto Kagera. Nilimwuliza zimefikaje. Akasema, "Msomaji wa Bongo hajui." Huyo ndiye ninayegombana naye kuliko afisa yeyote. Afisa amefunga kabati. Wewe unamtukana msomaji ambaye baba yake huenda alikuwa chini ya hizo ndege amelala kwenye shamba la migomba Kyaka.

Na hawa wazee hawatusubiri. Aliyekuwa na miaka ishirini na tano mwaka 1979 leo amevuka sabini. Wako Sinza, Temeke, Ukonga, Lugalo, wanakaa vibarazani wanacheza bao, na sisi tunapita tunasema shikamoo tunakwenda kutafuta stori.

Niliifuta sura yangu ya kwanza yote. Kapteni yupo, hana ndege bado. Jumapili iliyopita nilimwuliza mzee habari za Musoma. Alikaa kimya mpaka nikadhani hakunisikia, nikarudia. Akaniomba maji ya kunywa. Aliporudisha kikombe akaliangalia daftari langu la kuandikia, akalipima karatasi kwa vidole viwili, akasema hizi nyepesi, wino utapita upande wa pili. Wiki ijayo nije na kaunta buku.

Nimeshainunua. Kwaya tatu.